Herufi Nne za Mauro Paniagua

Kila Jumapili, kwa miaka kumi na minane, Mauro Paniagua alishuka kwenye baiskeli penye kona ya mialoni mitatu, akavua helmeti, akawangoja wenzake wa nyuma wafike wakihema, kisha akawasomea jiwe. Lilikuwa jiwe nene la mviringo, refu kama mtu, limelala ubavuni kwenye nyasi kando ya njia. Ubavu wake wa juu ulichongwa herufi nne: M, P, C, X.

"M na P ni maili," alisema, kwa sauti ya padri aliye katikati ya misa. "C na X ni mia na kumi. Maili mia na kumi kutoka Mérida. Askari wa Kaisari alipiga magoti hapa na patasi yake, jamani, hapa hapa mnapotema maganda ya alizeti."

"Alipiga magoti au alichuchumaa?" aliuliza Basilio mwoka mikate. Aliuliza hivyo kila Jumapili, kwa sababu kila Jumapili watu walicheka.

Mauro hakusomea historia. Alibeba mitungi ya gesi kwa miaka thelathini, akiipandisha ngazi za nyumba za bonde lote la Ambroz, na malipo ya ziada aliyopata ni magoti mabovu. Alipostaafu daktari alimwambia atembee. Yeye aliona kutembea ni kazi ya mtu asiye na pa kwenda, akanunua baiskeli ya milimani. Hakuna aliyemtuma kuifungua ile njia. Ilianzia kwenye tao la Kirumi la Cáparra, lililosimama shambani kwa miguu yake minne, ikapita malisho ya nguruwe chini ya mialoni, mageti kumi na moja ambayo kila moja sharti ulifunge nyuma yako, kisha daraja la Kirumi ambalo mawe yake hung'oa meno, hadi kwenye chemchemi ya Fuenteloba. Hapo mkewe, Remedios, aliwawekea mezani mkate na soseji nyekundu za nyumbani. Fuenteloba ilikuwa imebakiwa na watu sitini na mmoja. Shule ilifungwa, duka likafuata. Siku pekee kijiji kilipokuwa na kelele ilikuwa Jumapili, na kelele hizo Mauro alizileta yeye.

Sasa mkoa ulikuwa unachagua njia moja rasmi ya baiskeli, itakayochorwa kwenye ramani na kutiwa alama mwanzo hadi mwisho. Ama ipite Fuenteloba, ama ivuke mto na kupita Casillar, kijiji jirani ambacho watu wa Fuenteloba hawakukitaja bila kukunja pua. Sharti lilikuwa moja tu: njia ifuate mahali walipopita Warumi wenyewe, na ushahidi ni mawe yao. Casillar hawakuwa na jiwe hata moja. Daktari Leocadia Santibáñez, mtaalamu wa mambo ya kale, angekuja Alhamisi kukagua.

Jumanne Mauro alikwenda kujisifu kwa shangazi yake Obdulia, mwenye miaka tisini na mitatu. Alimkuta miguu yake iko chini ya kitambaa cha meza, kwenye joto la makaa, akamsogezea simu yenye picha.

"Shangazi, tazama. Hili ndilo litakalotuokoa."

Obdulia aliishika simu mbali, akaileta karibu. "Mbona umepiga picha jiwe la baba?"

"Baba yupi, shangazi? Hilo ni la Warumi."

"Warumi gani hao. Hilo ni jiwe letu la kushindilia kiwanja. Tulilivingirisha kabla ya kupura ngano. Nimelikalia nikiwa sina meno, na sasa sina tena."

"Na hizo herufi?"

"Watu wa Casillar walikuwa wanalichukua bila kuomba. Baba akakasirika, akashika patasi, akaandika jina lake. Máximo Paniagua Cordovilla. Na ule msalaba uliolala ni alama ya kondoo wetu. Alisema safari hii watasoma. Wasome wapi, hawakujua kusoma."

Mauro aliichukua simu yake. "Babu alilitoa wapi?"

"Ng'ambo, kwenye kivuko cha Casillar. Ng'ombe wawili, siku mbili, na matusi mengi."

"Kumbe lilikuwa lao?"

"Lilikuwa limesimama tu," alisema Obdulia. "Kitu kilichosimama tu si cha mtu."

Alitoka pale akiwa hajui ameingilia mlango gani. Wiki iliyopita huyo huyo shangazi alimwita kwa jina la marehemu baba yake, akamuuliza kama nyumbu wamekula. Je, Obdulia wa leo alikuwa yule mwenye akili au yule wa nyumbu? Mauro alitaka sana awe yule wa nyumbu, na aliona haya kwa kutaka hivyo.

"Mtu wa namna hiyo unamwamini?" Remedios alimwambia jioni, akikata vitunguu. "Wewe kula."

"Reme, mimi naitwa nani?"

"Haya, na wewe umeanza."

"Mauro Paniagua Cordero," alisema mwenyewe, polepole. "M, P, C."

Kisu cha Remedios kilisimama juu ya ubao. Herufi zile Mauro alizisoma kwa sauti kila Jumapili mbele ya watu, zikiwa zimeandikwa pia kwenye kitambulisho mfukoni mwake, na hazikuwahi kumgutusha. Sasa hakuelewa alikuwa kipofu wa namna gani.

Asubuhi ya Jumatano alipekua banda hadi akapata chuma cha zamani cha kutia alama kondoo. Kilikuwa na X yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, kwa kuwa mhunzi aliyekitengeneza alikuwa mlevi, au ndivyo ilivyosemwa nyumbani. Akakifunga kwenye baiskeli, akaenda peke yake hadi kwenye mialoni mitatu, akakiweka juu ya X ya jiwe. Mguu mrefu uliingia kwenye mguu mrefu.

Basi yakawa yamekwisha. Aliketi kwenye nyasi akiwa mnyonge kama mtu aliyefukuzwa kwake. Lakini mkono wake, kwa kukosa la kufanya, ukapapasa chini ya ubavu wa jiwe uliogusa udongo, na huko vidole vikakuta herufi nyingine, pana, zilizolika hadi kubaki mabonde tu. Akalala kifudifudi kuzisoma, asiweze. Kwa hiyo ni la Warumi? Au ni la babu? Kama ni la wote wawili, liko kwake au liko ugenini? Kadiri alivyojua zaidi ndivyo alivyozidi kupotea. Alipoondoka alidhani amesahau kufunga mageti mawili, akarudi kuyafunga, akakuta ameyafunga.

Alhamisi Daktari Leocadia aliwasili na baiskeli juu ya gari. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, na mlimani alimwacha Mauro nyuma huku akiongea bila kuhema. Penye jiwe alilinyunyizia maji, akalimulika kwa tochi kutoka ubavuni, akapapasa chini.

"Bwana Mauro, hili ni jiwe la maili la Kirumi. Sina shaka."

Mauro alivua helmeti.

"Chini kuna jina la kaisari, limesagika sana. Hizi za juu zinanitatiza, patasi yake ni nyembamba mno. Lakini hesabu inaangukia karibu kabisa na hapa, na hilo ndilo kubwa." Alitoa fomu na kalamu. "Swali la mwisho. Limewahi kuhamishwa?"

Mauro aliinama kubonyeza tairi lisilokuwa na tatizo lolote. Nje ya nyumba yake, aliyejua alikuwa kikongwe mmoja anayelisha nyumbu waliokufa zamani. Neno moja dogo, na kelele za Jumapili zingebaki Fuenteloba. Alikuwa amelitayarisha usiku kucha: hapana, limekuwa hapa daima. Akatazama zile herufi. Miaka kumi na minane alikuwa amemnyang'anya babu yake jasho lake akampa askari asiyemjua, lakini alifanya hivyo bila kujua. Akisema hapana leo, atakuwa amemfuta Máximo kwa mkono wake mwenyewe.

"Limehamishwa," alisema.

"Na nani?"

"Na huyo hapo aliyesaini."

Daktari alicheka, kisha akaona uso wake, akaacha. Alisikiliza habari yote, ya ng'ombe, kivuko na kondoo. "Unaelewa maana yake kwa kijiji chenu?"

"Sielewi, daktari. Tangu Jumanne sielewi kitu. Andika, kabla sijaanza kuelewa."

Njia ikapelekwa Casillar. Remedios alikaa siku tatu akizungumza na kuku tu. Watu wa Fuenteloba walimsalimia Mauro kama kawaida, wakashindwa kuendelea zaidi ya salamu, naye hakuwalaumu.

Jumapili ya kwanza ya Mei aliwaongoza wapanda baiskeli kwa njia mpya, kwani hakuna mwingine aliyelijua bonde. Penye kivuko cha Casillar, pale jiwe lilipong'olewa, palikuwa na shimo la duara lililojaa maji na vyura. Mauro alishuka, akavua helmeti kwa mazoea, akasimama mbele ya shimo asijue amevulia nini.

"Haya, tusomee," alisema Basilio, na wengine wakacheka.

Mauro hakucheka. Akalitazama lile shimo, akasoma. "M ni Máximo. P ni Paniagua. C ni Cordovilla. X ni kondoo wetu."

Basilio akauliza kwa sauti ya chini, "Na askari wa Kaisari?"

"Yeye alipita huku," alisema Mauro. "Kwetu alipita babu yangu."

Akavaa helmeti, nyuma ikawa mbele, na hakuna aliyecheka.