Pua Aliyoivuta Mama

Ndugu yangu mdogo akichelewa kurudi kutoka kazini, kule uwanja wa ndege wa Bangboka anakopakia mizigo, mimi sikai. Nasimama mlangoni, namchunguza kila mtu mrefu anayekata kona ya njia yetu, na roho yangu iko juu mpaka aingie. Mume wangu ananiambia nikae. Nikae vipi? Yeye hakuwa pale.

Sisi Waislamu wa zamani wa Kisangani tumekua tukiambiwa kwamba babu wa babu yetu alikuwa Mwarabu, aliyefika hapa na misafara ya pembe za ndovu. Jina lake tulilijua wote. La mwanamke wa mtoni aliyemzalia hakuna aliyelijua, wala hakuna aliyeuliza. Ili tufanane na huyo mzee, mama alikuwa na kazi yake. Kila mtoto akizaliwa, asubuhi anapasha mawese kidogo, anachovya vidole viwili, anaivuta pua ya mtoto kutoka juu kwenda chini mpaka mtoto akaukwe na sauti kwa kulia. Wanangu pia aliwavuta. Pua yangu mimi ilimkatalia, ikatandaa ilivyotaka. Ya ndugu yangu ikatoka ndefu na nyembamba, na mama akaringa nayo mtaa mzima kana kwamba ameishona yeye.

Halafu binamu yetu anayeishi Ulaya akatema mate kwenye kichupa, akayapeleka yapimwe asili yetu. Majibu akayaweka kwenye kikundi cha familia cha simu: karibu yote ni watu wa msitu huu na mto huu, na Uarabuni ni chembe isiyoshikika. Mama akasema hicho kichupa kimekosea. Binamu, ambaye ana subira kuliko mimi, akamweleza kwamba huenda babu alikuwepo kweli. Damu haigawanywi kama keki, kila mtu na kipande chake sawa. Kila kizazi kinaacha nusu njiani, na babu wa mbali anaweza kuwa babu yako kabisa na asikuachie kitu. Na pua si shahidi, akasema. Pua nyembamba zilikuwa Afrika kabla ya Mwarabu yeyote kufika.

"Bon," mama akajibu, "ile pua ya mutoto yangu ilitoka wapi sasa?"

Tulicheka. Mungu anisamehe, mimi nilicheka kuliko wote.

Kisha vita vya mashariki ya nchi vikapamba moto tena. Kwenye simu zikaanza kuzunguka sauti za watu tusiowajua: angalieni warefu, angalieni wenye pua nyembamba, Wanyarwanda wamejipenyeza mjini. Swali la mama likawa linaulizwa barabarani, na waulizaji wameshika mawe.

Alasiri moja jirani alikuja mbio kwenye kibanda changu cha ushonaji, hapo mtaani Mangobo. Akasema wamemshusha ndugu yangu kwenye pikipiki, njia panda. Mama alikuwa amekaa nami, ananisaidia kufumua mishono. Tukatoka sote wawili, yeye na ndara moja tu mguuni.

Walikuwa vijana wa mtaa. Wengine niliwashonea sare za shule. Shavu la ndugu yangu lilikuwa limevimba, na mmoja wao alimshika kidevu, anamgeuza uso upande ili wenzake waione pua vizuri, kama mtu anayekagua mbuzi. Ndugu yangu aliwajibu kwa Kiswahili chetu, kisha kwa Lingala.

"Banawafundishaka luga," mmoja akasema. "Hii morphologie, hii sura, haiko ya hapa. Ni Munyarwanda."

Na hata angekuwa Mnyarwanda, hilo ndilo kosa la kuuawa kwa mawe? Nilitaka kusema hivyo, nikayaona mawe mikononi mwao. Nilijua pia mama atasema nini: sisi ni Waarabu, tuacheni. Siku ile, damu yoyote ya kutoka mbali ingemmaliza mwanawe.

Mama akapenya katikati yao, akamshika mwanawe pua kwa vidole viwili mbele ya wote.

"Hii pua nilivuta miye," akasema. "Na mawese, na mikono hii, kila asubui. Hakuna Mwarabu, hakuna Munyarwanda. Iko mutoto ya mto hii, sawa nyinyi. Kama munataka kupiga, donc mupige mwenye kuitengeneza."

Muuzaji mmoja wa chikwange, ule mkate wa muhogo, akasema ni kweli, hao mama wa Kiislamu wanavuta pua za watoto, ameona kwa macho yake. Mtu akacheka. Kicheko kikaenea, mikono ikalegea. Ulikuwa uongo mtupu; hakuna pua iliyowahi kunyooshwa na mawese. Lakini waliuamini kama walivyouamini ule wa kwanza, wa kwenye simu, na ndugu yangu akatoka mzima. Tangu siku ile mama hajamtaja tena yule Mwarabu.

Siku chache baadaye, njia panda ileile, walimsimamisha mfanyabiashara wa maharagwe, Mkatoliki wa Butembo, kule mashariki, mrefu. Mkongo kama wao. Mama yake alikuwa Butembo, na hapakuwa na mtu wa kuwachekesha. Mimi sikuwepo, nimesimuliwa tu, lakini namwona. Namwona nikiwa nashona, namwona kila mtu mrefu anapoinama kupita mlangoni. Vijana wale bado wananiamkia. Mmoja aliniletea suruali niipunguze, nikaipunguza.

Ndugu wa marehemu walimtafutia nafasi kwenye ndege ya mizigo, arudishwe kwao. Kazini wenzake walimwambia ndugu yangu akae kando, watapakia wao. Alikataa. Alilibeba jeneza pamoja nao mpaka ndani ya ndege, kisha akaja moja kwa moja kwa mama, akakaa mkekani bila kuvua viatu. Mama akamwekea chakula. Hakukigusa.

"Mama," akasema, "walilitengeneza refu. Lilikuwa kipimo yangu."