Kidonge cha Kaka Yangu

Nilimeza kidonge cha kaka yangu ili nijue kama na mimi ni mgonjwa. Nalisema mwanzoni ili anayetaka kucheka acheke tukiwa bado mlangoni.

Hapa Bwera homa hupimwa kwa dawa. Mtu anameza vidonge vya malaria. Akipata nafuu, basi ilikuwa malaria. Mimi, na sekondari yangu niliyoimaliza Kasese, nikaona hesabu hiyo itafaa hata kwa kichwa. Kidonge kikinituliza, nina skizofrenia kama kaka. Kisiponifanya kitu, sina.

Hofu ilinianza mwaka ule kaka alipoanza kutibiwa. Tumezaliwa wawili tu, tumefuatana, na watu husema tunafanana mpaka kikohozi. Nikasoma dalili za mwanzo kwenye simu: unajitenga, unaongea peke yako, unahisi watu wanakusema. Nikashika kichwa. Mimi sokoni naenda chumvi ikiisha. Naongea na sufuria, na zinanisikia kuliko watu. Na kusemwa, nani Bwera hasemwi?

Nikaanza kujichunga. Nikiwaza jambo, nalirudia nione kama lina kichwa na mkia. Mtu akiniita kutoka barabarani, siitiki mpaka nichungulie dirishani nihakikishe yupo. Wageni wakaacha kuja, nikaihesabu hiyo nayo kuwa dalili.

Siku hiyo nilimeza asubuhi, kaka akiwa shambani. Mchana nachambua maharage, shingo ikaanza kuvutika kushoto, yenyewe, kama kuna mtu ameikamata kwa nyuma. Taya likakaza. Ulimi ukanijaa mdomoni. Nikajaribu kutamka jina langu, ikatoka sauti ya mbuzi. Nikajua ugonjwa umefika. Siku zote nilikuwa nauvizia masikioni, kumbe umepitia shingoni. Nikabaki pale na maharage mapajani, natazama ukuta ambao sikuchagua kuutazama.

Kaka aliporudi alisimama mlangoni, jembe begani.

"Hiyo shingo naijua," akasema. "Umekula dawa yangu."

Sikuweza kubisha, wala kuitikia kwa kichwa.

"Na mimi nikimeza vidonge vyako vya tumbo la mwezi, nitazaa?"

Lakini alitupa jembe, akatoka mbio kumwita jirani yetu, mama wa Kikongo anayebadilisha pesa mpakani. Huyo akisimama barabarani, boda zinakuja zenyewe. Mama huyo alinipakia katikati yake na dereva, akanishika kichwa mpaka hospitali kama mtu aliyebeba yai.

Nilichomwa sindano, shingo ikarudi polepole. Mhudumu akaniambia dawa ile inaweza kumfanya hivyo hata mtu mwenye akili timamu kabisa, haipimi kitu. Kwa hiyo nilitoka na swali langu lile lile, na aibu juu yake.

Tulirudi kwa miguu, mimi na jirani. Nikamweleza yote: simu, dirisha, hata mazungumzo yangu na sufuria. Nilitegemea acheke. Hakucheka, na hapo nikaogopa upya.

"Mama, niambie ukweli," nikasema. "Unaona naanza?"

Akanitazama, akavuta kitenge chake, akaendelea kutembea.

"Weye ulikuwa na kaka yako nyumba moja, akaanza kugonjwa, haukuona kitu. Ni sisi batu ya inje tulikuja kukuambia. Yako nayo ikianza, tutakuambia."