Bati la Cucu Liko Juu ya Kitanda Changu

Admin, ukipost hii toa jina langu na la shule, maana wazazi wa darasa langu wengi wako kwa hii page na wanasoma kila kitu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwalimu wa Grade One huku Kihoto, Naivasha. Nimefundisha miaka kumi na moja, na si serikali iliniajiri, ni shule yenyewe, kwa hivyo mshahara wangu ni ule wa kuambiwa vumilia kidogo mwalimu. Msichana wangu wa miaka kumi nilimpeleka kwa mama yangu, Free Area kule Nakuru, kwa sababu sikuweza kumlisha na kulipa nyumba. Sisemi hivyo mnihurumie. Nasema ndio mjue nimetoka wapi.

Mvua ya mwaka huu, ziwa lilipanda mpaka likaingia kwa nyumba niliyokuwa nimekodi. Nilitoa godoro na sufuria nikahamia darasani kimyakimya. Kila asubuhi nilikuwa nakunja godoro, naficha nyuma ya kabati ya vitabu, kisha nafungua mlango nikijifanya ndio nafika. Wazazi wengi wanafanya kwa mashamba ya maua, wanaleta watoto alfajiri kabla basi ya kampuni iwachukue, na walikuwa wananisifu eti huyu mwalimu hachelewi. Ningechelewa aje na nalala hapo?

Aliyenifichua ni mwanafunzi wangu, Brayo. Alikuwa anatafuta mpira nyuma ya kabati akapata godoro, akaenda akamwambia cucu yake, nyanya anayemlea, kwamba mwalimu analala shule. Wazazi wakaanza kukutana bila mimi kujua.

Sasa hapa ndipo kosa langu lilipoanzia. Jumanne moja nikisahihisha vitabu, message ikaingia kwa simu. Serikali imenichukua. Kazi ya kudumu, mshahara wa maana, shule iko ndani kabisa Baringo, na nisiporipoti kwa wiki tatu nafasi anapewa mwingine. Hiyo kazi nilikuwa nimeiomba mpaka nikachoka kuomba. Nilipiga magoti hapo hapo kwa vumbi ya chaki. Nikampigia mama, mama akalia, akaambia kanisa lake lote. Lakini huku Kihoto sikuambia mtu. Nilijiambia Ijumaa nitamwambia mwalimu mkuu, na Ijumaa ikapita.

Jumamosi nikaitwa kwa ploti ya mzazi mmoja, upande wa juu ambapo maji hayafiki. Kufika, napata wazazi karibu wote, na mbao, na nyundo, na misumari. Kila familia ilikuwa imebeba bati. Walikuwa wamekubaliana hivyo, bati moja kwa kila mtoto, na kila mtoto alikuwa ameandika jina lake kwa bati lao na rangi, kwa zile herufi nilizowafundisha mimi. Kumbe walikuwa wananijengea chumba.

Cucu wa Brayo alikuja wa mwisho. Bati lake lilikuwa jeusi kwa moshi, nikajua hilo halijatoka dukani, limetoka jikoni kwake. Nikamwambia arudi nalo. Akanishika mkono akasema, "Mwalimu, mimi naweza kupikia kwa mvua. Wewe hutalala kwa darasa tena."

Nilifungua mdomo niseme. Haki ya Mungu, nilifungua. Machozi yakatangulia, na wao wakadhani ni furaha, wakapiga makofi. Mwenyekiti wa wazazi, jamaa wa mizaha, akasema sasa hata nikitaka kuwatoroka itabidi nibebe nyumba kichwani. Wakacheka, na mimi nikacheka. Nikasema, "Nitaenda wapi na watoto wangu wako hapa?" Hayo maneno hakuna aliyeniomba.

Nitawaambia kitu ambacho sijaambia hata mama. Si woga pekee ulioninyamazisha. Miaka kumi na moja, hakuna mtu alikuwa amewahi kunisimamisha mbele ya watu akasema mwalimu asante. Niliitaka hiyo siku. Nilitaka ifike mwisho, nyimbo na chai na maombi, na nilijua nikisema tu, nyundo zitashuka.

Sasa naishi hapo. Bati waliziweka majina yakiangalia ndani, kwa hivyo nikifungua macho asubuhi nasoma darasa langu lote. La Brayo, lile jeusi, liko juu ya kitanda. Mama anapiga simu kila siku kuuliza kama nimefunga mizigo, ameshamnunulia mtoto viatu vya safari. Jana alinisikia nikisitasita akaniambia, "Kazi ya serikali haikataliwi kwa sababu ya bati." Ni ukweli. Lakini yeye hajaziona.

Naripoti Jumatatu. Leo nimepitia kwa cucu, na njia nzima nilikuwa naapa kwamba leo namwambia. Nimempata anapika chini ya karatasi ya nailoni, mvua inanyesha, moto unamzimikia. Kuniona tu, akaniuliza kama nyumba yangu inavuja. Nikasema haivuji. Nikanywa chai yake nikaondoka.

Begi liko tayari chini ya kitanda. Nikienda, nimekula jasho la watu maskini kuniliko mimi. Nikikaa, msichana wangu ataendelea kukua akiniona siku za likizo, na hii nafasi sidhani itarudi. Msinitukane, nimeshajitukana ya kutosha. Niambieni tu nianzie wapi, maana hata nikisema nimrudishie cucu bati lake kwanza, nitaling'oaje bila Brayo kuniuliza kwa nini natoa jina lake?