Udongo wa Ndani ya Taya

Dada yangu huosha mifupa. Usicheke, ndiyo kazi yake pale makumbusho: beseni la plastiki, mswaki laini, na mifupa ya watu wa kale ambao hakuna ajuaye nani aliwalilia. Na nyumbani kwake ni hivyo hivyo. Sakafu inang'aa, viatu vinaachwa nje, hata uwe nani.

Mume wangu ndiye mchimbaji wao wa mifupa hiyo. Baada ya mvua kubwa aliokota taya chini ya mteremko. Akasema limetoka tabaka la chini, maana aliona jivu jekundu la volkano, ambalo liko tabaka hilo tu, limeganda kwenye tundu la jino. Wenzake wakabisha, eti limeporomoka kutoka tabaka la juu. Ubishi huo si wa mchezo. Likiwa la chini, ni la kiumbe wa kale mno, aina ambayo bado haina jina. Likiwa la juu, ni la binadamu kama mimi na wewe.

Daktari, mkuu wao, akaligeuza taya mkononi. Safi, halina hata chembe.

"Jivu liko wapi?"

Mume wangu akaapa kwamba aliliona kwa macho yake. Akaambiwa anajitafutia sifa, akasimamishwa kazi. Akawa anashinda kitandani, uso ukutani, na mimi kutwa kumtukana Daktari.

Dada naye akija kwetu chakula hakimshuki. Nikadhani anaumwa. Siku moja nikambana jikoni.

"We dada, una nini?"

"Ni mimi," akasema. "Nililiosha kabla Daktari hajachukua udongo wa kupima. Mazoea tu ya mkono. Halafu nikaogopa kusema."

"Mungu wangu! Na unamtazama shemeji yako usoni, unakula chakula chake?"

Niliyomwambia baada ya hapo siyarudii.

Kesho yake akajipeleka mwenyewe. Daktari akashika kichwa, akauliza kama jivu limebaki popote, hata kwenye mswaki.

"Niliusuuza," dada akajibu. "Huwa nausuuza."

Mume wangu karudishwa kazini. Taya liko kabatini, umri haujulikani, aina haijulikani, na jivu ambalo lingesema limeshaoshwa.

Juzi jioni mume wangu alipita kwa dada akitoka machimboni, matope hadi magotini. Akainama mlangoni kuvua viatu kama kawaida.

"Usivue, shemeji," dada akamwambia, machozi yanamtoka. "Ingia navyo."

Mpaka leo lile tope liko pale sakafuni, na hataki mtu aliguse.