Kamera ya Yaya na Kamera Yangu

Siku yaya alipoondoka kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale aliniachia kamera yake ndani ya soksi ya sufu. Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu Fizi, mashariki mwa Congo, na mimi nilikuwa naye huyo mmoja tu. Basi la kuwachukua wanaokwenda nchi za mbali lilikuwa limeshawasha injini pale Base Camp. Akafungua dirisha, akanipa ile soksi.

"Usiuzishe hii," akasema. "Na usiifiche mu sanduku. Upige nayo."

Nikasema ndiyo. Basi likaondoka, vumbi likatua, nikatembea kurudi nyumbani Kashojwa nimeishika soksi mkononi kama mtu aliyetumwa chumvi.

Kwa miaka kumi na mmoja tulikuwa tumefanya kazi ya picha sisi wawili, na kila mmoja alikuwa na kamera yake. Yangu ni nene, inajaza kiganja, na ukiiwasha lenzi inatoka mbele kama pua ya nguruwe. Sifa yake ni kuvuta. Naweza kusimama ukingoni mwa ziwa, mchungaji na mtu anayebatizwa wako majini hadi kiunoni, nikauleta uso wa yule mtu hadi nikahesabu matone kwenye nyusi zake. Inatumia betri ndogo zile za redio, na hizo zinapatikana katika kila duka la Kashojwa. Ubaya wake ni wa aina mbili. Ndani ya nyumba haioni vizuri, na ukibonyeza inakawia kidogo kabla ya kupiga, kama mzee anayefikiri kwanza ndipo ajibu.

Ya yaya ni bapa, inaingia katika mfuko wa blauzi. Haivuti hata kidogo. Lakini jicho lake hufunguka sana, na katika chumba chenye dirisha moja inaona karibu sawa na macho yetu. Ukibonyeza, imeshapiga. Betri yake ni ya kuchaji, tukawa tunaipeleka Base Camp kwa fundi mwenye paneli za jua.

Kwa hiyo kazi ilijigawa yenyewe. Yaya alichukua harusi, watoto wachanga, wagonjwa waliotaka kupigwa picha wakiwa bado na nguvu ya kukaa. Mimi nilichukua ubatizo, kwaya ikiandamana, na ng'ombe. Wafugaji wetu waliotoka milima ya Kivu wanapenda picha ya ng'ombe kuliko picha yao wenyewe, na ng'ombe hapendi mtu amkaribie na kitu kinacholia. Ukimpiga kutoka mbali anasimama kama mfalme.

Watu huuliza kamera ya nini siku hizi, kila mtu ana simu. Ni kweli. Lakini simu inaanguka, inaibiwa, inakufa, na picha zote zinakufa nayo. Waliokimbia bila hata picha moja ya mama yao wanajua kwa nini wanataka karatasi.

Yaya alizoea kunitania. "Weye unaogopaka batu," alisema. "Ndiyo maana unapigaka kutoka ng'ambo."

Nilimwambia siogopi watu, ni kazi tu ndiyo iko hivyo.

Harusi ya kwanza baada ya yeye kuondoka, niliipiga kwa kamera yangu. Nilijua hasara yake, lakini ya yaya sikuizoea, na niliona ni afadhali kukosea kwa kitu ninachokijua. Kanisa lile lina kuta za udongo, mabati juu, na madirisha madogo yaliyozibwa na watu waliokosa nafasi ndani. Bila flashi, kila aliyesogea aligeuka moshi. Nilipowasha flashi, bibi harusi akawa mweupe kama unga wa muhogo na watu wote nyuma yake wakawa giza. Wakati wa kuvishana pete nilibonyeza. Kamera ikafikiri, ikafikiri, na ilipopiga mikono ilikuwa imeshaachana.

Mama wa bibi harusi alizipokea picha mlangoni kwangu. Alizipitia moja moja, akarudia.

"Mama, hizi foto ni za giza," akasema kwa upole, na ule upole ndio ulioniumiza. "Sura ya mutoto wangu haionekane. Yaya wako angepiga muzuri."

"Ni kweli," nikasema. "Munisamehe."

Akazichukua zote hata hivyo. Hakuwa na nyingine.

Baada ya hapo, kwa miezi mitatu hivi, sikupiga mtu. Nilipiga ng'ombe. Waliokuja kuomba picha za nyumbani niliwaambia kamera ya ndani imeharibika. Asubuhi nilikwenda shambani, mchana nikarudi, nikapika chakula cha mtu mmoja. Kupika cha mtu mmoja si rahisi kwa aliyezoea wawili. Siku zote unabaki na kingi, au unakaa na njaa. Kitanda cha yaya nilikiacha kimetandikwa. Kuna Jumapili nilitoka kanisani nikagundua kwamba tangu Ijumaa sauti yangu ilikuwa imetoka kwa nyimbo tu.

Yaya alipiga simu alipopata nafasi. Alikuwa anafanya kazi katika kiwanda cha kufungasha nyama, na saa zake na zangu zilipishana. Nilimweleza ile harusi, kwa kuwa nilijua angesikia kwa watu wengine.

"Ulipiga na ya kwako? Mu kanisa?" Akacheka, kisha akaacha. "Sikia. Ile yangu haivutake. Miguu yako ndiyo yenye kuvuta. Usogee."

"Nikisogea sana nyuso zinakuwa mbaya. Nilijaribu. Pua inakuwa kubwa, masikio yanapotea."

"Ulijaribu kwa nani?"

Nilikuwa nimejaribu kwa kioo, uso wangu mwenyewe.

"Basi usifike kwa pua," akasema. "Hatua mbili, mutu anaenea mupaka kiunoni. Na umupeleke fasi ya mulango, mwangaza umupige kwa upande. Usimuache katikati ya nyumba. Mi naenda, wananiita."

Kesho yake niliitoa kamera katika soksi nikaanza kujifunza. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumpiga, nikapiga vitu: beseni la maji mlangoni, chungu, viatu vyangu, mto wa kitanda cha yaya. Nilijifunza kwamba hatua mbili ni mahali penyewe kabisa. Nilijifunza pia kwamba ile kamera ikiwekwa mlangoni inapenda mwanga wa saa nne asubuhi kuliko wa saa nane. Beseni halina pua, lakini lina ukingo, na ukilikaribia mno ule ukingo unavimba vilevile.

Mwezi uliofuata nilikwenda mjini Mbarara kusafisha picha. Nilikuwa na picha za ng'ombe za mfugaji mmoja, nyingi, kwa sababu alitaka kila ng'ombe apate yake. Dukani wanazipanga mezani zikauke, na mwanamke mmoja aliyekuwa anasubiri picha za pasipoti akasimama kuzitazama. Alikuwa kijana, amebeba mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimefunikwa na shuka nyeupe.

"Nyabo, hii ng'ombe ni wewe umepiga?" akaniuliza; nyabo kwao ni mama.

Nikamwambia ni mimi.

"Banange! Hii inaangalia kama mtu." Akainama zaidi. "Unaweza piga mtoto?"

Nilitaka kusema kamera ya ndani imeharibika. Maneno yalikuwa yameshazoea njia. Lakini kamera ya yaya ilikuwa ndani ya mkoba wangu, na mtoto akatoa mkono mmoja kutoka kwenye shuka akaushika ukosi wa mama yake.

"Naweza," nikasema. "Sijui kama zitatoka vizuri."

"Baba yake hajaona yeye. Alienda kabla hajazaliwa. Ni askari." Akanitazama vizuri, nadhani alisikia lafudhi yangu. "Wewe ni wa camp? Mkongo?"

"Ndiyo. Wa Kivu."

"Na yeye iko Congo sasa."

"Congo wapi?"

"Hawasemagi. Congo tu."

Nchi niliyoitoka kwa miguu, mume wake alikuwa ameingia kwa gari la jeshi, na yeye na mimi tulikuwa tumesimama Mbarara tukitazama ng'ombe. Nilimwambia kule kwetu mvua ni nyingi, asikonde, watu huzoea.

Alikaa Biharwe, nje ya kambi ya jeshi, katika safu ya vyumba vilivyotazama barabara ya Masaka. Alinieleza kabisa kwamba kule ndani ya kambi hakuna kupiga picha, hata maua. Kwa hiyo nilikwenda kwake siku mbili baadaye, saa nne asubuhi. Nilimkuta amempaka mtoto mafuta hadi anang'aa, na yeye mwenyewe amevaa gauni la kanisani.

Chumba kilikuwa na mlango mmoja tu, dirisha hakuna. Kwa mazoea nilitoa kwanza kamera yangu. Nilibonyeza, ikafikiri, na mtoto akageuka. Nikabonyeza tena, akapiga chafya. Mama yake akacheka.

"Hii yako inachelewa kama malori ya jeshi," akasema.

Nikairudisha mkobani nikatoa ya yaya. Nikamwomba alete kiti karibu na mlango, akae kwa upande, mwanga umguse shavu. Kisha nikasogea. Hatua mbili. Kutoka pale nilisikia harufu ya mafuta ya mtoto na sabuni ya gauni. Kwa zaidi ya miezi minne sikuwa nimesimama karibu na mtu kiasi hicho, isipokuwa kanisani katika msongamano, na huko mtu hamtazami mwenzake usoni. Nikaifuta lenzi iliyokuwa safi, nikaifuta tena. Yule mwanamke aliona.

"Mama, wewe unaogopa nini? Huyu haumi."

"Bado naizoea kamera."

"Kale, sawa. Zoea pole pole. Sisi tuko."

Akaanza kumwimbia mtoto kwa Kinyankore, taratibu, bila kunijali. Mtoto akamtazama mdomo. Nikapiga. Nikapiga tena, na tena, na ile kamera haikukawia hata mara moja. Katika mojawapo mtoto anajaribu kuushika wimbo kwa vidole.

Nilipomwonyesha kwenye kioo cha nyuma ya kamera, alimgeuza mtoto naye atazame. Kisha akaomba nyingine.

"Sasa nataka ya mbali. Nilipanda mahindi huko nyuma. Baba yake alisema sitaweza, sababu mimi ni wa mjini. Nataka aone mahindi, aone mimi, aone mlima, ajue ni hapa."

Hiyo ilikuwa kazi ya kamera yangu, na nilifurahi kuishika tena. Nilivuka hadi ng'ambo ya shamba, hatua kama themanini, nikamwacha amesimama kati ya mistari ya mahindi, mtoto kifuani. Kwa ya yaya angetoka mdogo kama punje na mlima ungerudi nyuma kabisa. Yangu ilipovuta, mlima ukasogea mpaka ukasimama nyuma ya bega lake, mahindi yakabanana, vitu vyote vitatu vikaingia katika karatasi moja. Alisimama tuli, na palikuwa na jua, kwa hiyo kuchelewa kwa kamera hakukuharibu kitu. Nilimpungia mkono kumwambia imetosha. Hakuniona vizuri kutoka mbali, akaendelea kusimama.

Alinikaribisha chakula, matoke na njugu. Tulikula mtoto amelala katikati yetu. Aliniuliza ninaishi na nani, nikamwambia peke yangu. Aliniuliza kama nimezoea, nikamwambia bado. "Hata mimi," akasema, akaniongezea matoke.

Picha nilizipeleka wiki iliyofuata. Alizifunga vizuri akampa askari aliyekuwa anamaliza likizo. Baadaye alinipigia simu kuniambia zimefika. Ile ya karibu mume wake anaiweka mfukoni mwa shati, na ile ya mahindi wenzake wanabishana naye, wanasema shamba si lake, mke wake amesimama tu katika shamba la jirani. Tulicheka sana. Nilikuwa nimesimama nje ya nyumba yangu Kashojwa, na mama wa jirani akatoka kuona ni nani anayecheka.

Nilirudi Biharwe baada ya miezi miwili na nakala kubwa ya ile picha ya karibu, niliyoitengeneza kwa hiari yangu. Chumbani kwake kulikuwa na mwanamke mwingine, mnene, anachambua mchicha. Aliniambia yule amehamia Gulu, mume wake amerudi na amepewa kituo huko.

"Wake wa askari ni hivyo," akasema. "Leo hapa, kesho umesikia lori."

Nilijaribu namba yake, haikupatikana. Niliketi kizingitini nikiwa na bahasha mapajani. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi. Nilitaka kumwambia kwamba nimepiga harusi mbili tangu tuonane, zote kwa ya yaya, na nyuso zote zinaonekana. Mchambua mchicha akaniangalia, akaingia ndani, akatoka na chai.

"Ulikuwa unataka nini kwake?"

Nikafungua bahasha nikamwonyesha. Aliitazama muda mrefu, mikono ikiwa mbali ili asiichafue.

"Mimi niko na watoto wanne," akasema. "Lakini leo hawajaoga. Utakuja tena lini?"

Nikamwambia Jumanne ijayo. Akaniuliza kama nitakuja kweli, kwa sababu watu wa picha wanasema hivyo na hawarudi. Nikamwambia nitakuja, asubuhi, saa nne. Nikamaliza chai, nikaondoka kwenda barabarani. Jumanne nilikwenda. Watoto walikuwa wameoga, lakini watatu tu. Wa nne alikuwa amekataa kabisa, amejificha nyuma ya mapipa ya maji. Huyo nilimpiga kutoka ng'ambo ya ua, kwa ile inayovuta, kabla hajajua.