Walinichagulia Bima kwa Picha za Chumba

Nyinyi vijana wangu, wa Mabela, wa Al Amerat na popote mlipo, mliosoma mkashiba, leo nna hasira na nyinyi wala sitaificha. Mimi skuli niliishia darasa la nne, na chuoni nikahitimu msahafu. Lakini kumuuliza mtu anaumwa wapi hakutaki shahada. Na msinambie, "Bibi, tulia." Nimetulia miaka sabini.

Ipo siku moja sijaisahau, na aibu yake bado naijua. Nilikuwa biharusi, sijatimiza mwaka tangu kuja huku kwenye nchi ya Waarabu kutoka Unguja, tukikaa Matrah nyuma ya soko. Mavyaa wangu, Bi Ghaniya, mama wa mume wangu, akawa anachechemea. Mume wangu akanambia nimpeleke kwa daktari. Daktari mwenyewe Mhindi, Kiswahili hajui, na Kiarabu chake cha kuombea maji. Bi Ghaniya Kiingereza hajui. Mimi nna changu cha darasa la nne, cha kuamkiana na kuhesabu, basi nikajiona mkalimani. Daktari akauliza, mama anaumwa wapi? Mwanangu, hata sikumgeukia mwenye mwili. Nikajibu palepale: "Magoti. Uzee tu." Tukapewa dawa ya kuchua, tukatoka.

Tulipofika kwenye ngazi za nje Bi Ghaniya akasimama katikati. Watu wanataka kupita, wachukuzi wanapiga kelele wapishwe, yeye hapishi mtu.

"Yule bwana kamuuliza nani?"

"Kakuuliza wewe, mama."

"Na kajibu nani?"

Nikamshika mkono tushuke, akauvuta.

"Kwani mimi nimekufa? Niambie kama nimekufa, nikalale. Mwili wangu, ulimi wako! Hebu nirudishe ndani."

Tukarudi. Akakaa kwenye kiti, akavua soksi. Chini ya unyayo mna kidonda kikubwa kama tende, kimeoza, naye alikuwa akizunguka nacho jikoni akitupikia, hajamwonesha mtu. Kumbe ni sukari. Alikatwa kidole kimoja cha mguu, na daktari akasema tungechelewa kidogo ungekwenda mguu. Na mimi nilikuwa naenda kumchua magoti! Alinisamehe, Mungu amrehemu, lakini kila aliponisikia namjibia mtu alikuwa akisema, "Ulimi huo, nusra unikate mguu."

Nilidhani somo lile nimelifundisha nyumbani kwangu. Wapi!

Kazini kwa mwanangu Khalfan, ninayekaa naye hapa Mabela, ipo bima ya afya, taamini wanavyoiita. Kila mwaka hufungua mlango kwa siku chache, mfanyakazi amwandikishe mama yake au baba yake, na amchagulie aina moja katika tatu. Mlango ukishafungwa ndiyo mpaka mwaka mwengine. Na mimi nna presha ya macho. Haiumi, ndiyo ubaya wake. Inakula nuru pole pole kama mchwa anavyokula mbao, nje huoni kitu. Jicho la kulia limeshakwenda nusu. La kushoto daktari wangu kasema lipasuliwe mwaka huu huu, ama sivyo wajukuu zangu nitawajua kwa sauti.

Sasa sikilizeni walivyofanya. Ijumaa, baada ya chakula, wametujia wageni kutoka Al Amerat, jamaa wa marehemu mume wangu. Halwa iko kati, kahawa inazunguka. Mjukuu wangu Thuraya, binti Khalfan, kashika simu ya baba yake, anajaza fomu ya bima, huko mlangoni kapaza sauti: "Bibi! Una maradhi yoyote?"

Mbele ya watu wanane! Sisi maradhi hatuyataji mbele ya wageni. Tunaogopa jicho la mtu, na tunaogopa zaidi kuhurumiwa. Mtu hata awe taabani, akiulizwa husema alhamdulillah. Nami nikasema, "Sina kitu, alhamdulillah." Thuraya akabonyeza. Khalas, imekwisha.

Kosa langu limo, sikatai. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi yangu niliyaficha kwa kuwaonea haya watu waliokuja kula halwa. Lakini nani kakufunza wewe kumuuliza bibi yako maradhi yake kama unayemuuliza anataka sukari ngapi?

Jumatatu akaja kuniamkia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Tumeshakuchagulia bima! Tumepiga kura kwenye grupu la familia, wote wamekubali."

"Kura? Kwani mimi nimegombea nini?"

Akacheka. Akanionesha picha: chumba cha peke yangu, mapazia, kochi la wageni, tivii ukuta mzima. "Kama hoteli, Bibi!"

"Na macho yangu yamo?"

Akaisoma simu. Akaisoma tena. "Bibi... maradhi ya zamani hayatibiwi mpaka upite mwaka. Na hospitali yako ya macho haimo."

"Basi hiyo tivii ataitazama nani?"

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wamechagua kitanda wasichokilalia, kunguni wake watawajuaje? Mnapotaka gari, miezi mitatu mnazunguka kila duka, mnapiga matairi mateke, mnauliza mpaka rangi ya viti. Bima ya mama yenu mnaimaliza kahawa haijapoa, kwa picha ya pazia!

Khalfan aliporudi kutoka kazini nikamsimamisha na kanzu yake hivyo hivyo. Unajua alinambia nini? Yeye ndiye anayenipeleka kwa daktari wa macho, yeye ndiye anayeninunulia dawa ya matone. Akanambia, "Mama, mimi sikuyahisabu macho kuwa ni maradhi. Nilidhani ni uzee tu."

Uzee tu! Maneno yangu mimi ya Matrah, yanatoka kinywani mwa mwanangu wa kumzaa, mwenye mvi kidevuni. Kwa muda sikujua nimgombeze yeye au nijigombeze mwenyewe. Kisha nikamgombeza yeye.

"Uzee si maradhi, Khalfan. Na upofu si uzee. Kaa chini."

Nikafunga mlango. Nikamwambia Thuraya azisome aina zote tatu, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili, asiruke. Akiruka namrudisha. "Bibi, hapa ni maneno tu ya sheria." Soma hayo hayo, ndimo wanamoficha. Tukakatiza tukasali Maghrib, tukaendelea. Ile ya tatu ambayo hakuna aliyeipigia kura, isiyo na picha hata moja, ndiyo inayotibu maradhi ya zamani tangu siku ya kwanza, ndiyo yenye operesheni ya macho, na hospitali yangu imo.

"Lakini Bibi, hii mnalala wanne chumba kimoja!"

"Unguja tulilala saba chumba kimoja, na wote nikiwaona. Andika."

Nikamtajia maradhi yangu yote, moja moja, na mengine Khalfan mwenyewe alikuwa hayajui, akainamisha kichwa. "Hata hilo, Bibi?" Hata hilo. Karatasi haina husuda.

Simu ikakataa kubadilisha, fomu ya kwanza imeshapelekwa. Na mlango unafungwa Alkhamisi. Basi Jumatano Khalfan alikwenda mwenyewe kwa wahusika kazini kwao, na nilimwambia asirudi bila ya karatasi mpya mkononi. Alirudi nayo baada ya Alasiri, kachoka, hajala. Sikumpa pole mpaka Thuraya aliponisomea na kunihakikishia kuwa macho yamo. Jicho la kushoto limeshapasuliwa, nashukuru, nuru yake ipo. La kulia lililokwenda halirudi.

Kwa hivyo, mwanangu, unaponisoma: mzee wako hata kama anasahau alipoweka miwani, mwili ni wake. Muulize yeye, na umuulize faraghani. Akikwambia alhamdulillah, msubiri, uulize tena, maana shukrani siyo jawabu la daktari. Ukiletewa bima, anza kusoma kisichotibiwa, halafu ndiyo uangalie mapambo. Na wewe mzee mwenzangu, haya zako ziache kwa wageni, usizipeleke kwenye fomu.

Mungu akupe umri mrefu na macho ya kuuonea, mwanangu, akupe na watoto watakaokuuliza kabla ya kukujibia.

Nyumbani kwangu nimeshaamrisha, na Khalfan na Thuraya wamesikia: karatasi ya mzee haijazwi mbele ya wageni wala haipigiwi kura. Mlango ufungwe, mwenyewe akae, isomwe yote kwa sauti, na ajibu yeye. Mwenye haraka akajaze yake.