Bahari Iliyochotwa Bombani

Juu ya mlima wa Sagalla, nilikozaliwa, maji yalikuwa na adabu zake. Mtu akikuletea maji nyumbani, humuulizi ameyateka wapi. Huenda ameyachota kwenye kisima cha jirani wasiyesemezana naye, au aliamka kabla ya wenzake akakomba chemchemi yote. Ukimuuliza, umemwita mwizi. Wala huyaonji mbele yake. Unayapokea kwa mikono miwili, unashukuru, unamimina mtungini. Mama alitulea hivyo, mimi na dada yangu. Nilipoacha shule darasa la nne na kuanza kuzurura nilitupa mengi niliyofundishwa, lakini hili sikulitupa. Nalitaja kwanza kwa sababu bila hilo utajiuliza mtu mzima alidanganywaje kirahisi hivyo.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa kijana asiyetulia. Nilikata mkonge karibu na Voi, nikachoka. Nikachimba mtaro wa bomba la maji lililokuwa likipelekwa Mombasa, na mtaro ulipoisha nikajikuta Mombasa kweli, sina kazi. Nikaajiriwa kufagia nyumba ya Mzungu mmoja mzee aliyeishi peke yake. Sebuleni kwake kulikuwa na sanduku kubwa la kioo, na ndani ya sanduku, bahari.

Palikuwa na mawe ya matumbawe, konokono, na kitu ambacho sikujua nikiite mmea au mnyama. Kilikuwa kimeng'ang'ania jiwe kwa mguu mmoja mnene kama kisigino, na juu kilikuwa na vidole vingi laini, rangi ya chai ya maziwa, ncha zake zambarau. Mzee akaniambia jina lake ni anemoni. Akanipa kipande cha nyama ya kamba wa baharini kwenye kijiti, nikakigusisha pale. Vidole vikakamata, vikakunja, kipande kikaenda taratibu katikati, kwenye mdomo ambao sikujua upo. Siku hiyo sikufagia tena.

Mzee alipofunga nyumba kurudi kwao, aliniuliza ninataka nini. Nadhani alitegemea nitaje viatu. Nikataja anemoni. Alinipa watatu, na konokono wawili wa kulamba kioo. Nikapanda nao treni ya Voi ndani ya bakuli kubwa la enameli lenye kifuniko, nimelipakata kama mama aliyetoka hospitali.

Dada yangu alikuwa mjane. Alikodi chumba na jiko nyuma ya stesheni, akiwauzia chai na mandazi wasafiri na watu wa reli. Alipofunua bakuli aliinama akatazama, akafunika tena.

"Mdogo wangu, watu wakitoka Mombasa huleta kanga."

"Hawa wanakula, dada. Subiri uone."

"Na mimi ninakula. Mimi hujasubiri kuona?"

Lakini aliondoa meza yake ya pekee kutoka ukutani, akaisogeza karibu na dirisha la mashariki.

Nyuma ya stesheni walikuwa wametupa vyombo vya kioo vya betri za mitambo ya simu, vinene, vya pembe nne. Nikachukua kimoja, nikakisugua kwa majivu na kukibadilishia maji siku baada ya siku mpaka nikaridhika. Hewa niliipata kwenye tyubu ya lori. Niliijaza kwa pampu ya baiskeli, kwenye pua yake nikafunga mpira mwembamba, na mpira nikaubana kwa kibanio cha nguo ili mapovu yatoke machache machache mpaka chini ya jiwe. Mchana Voi ikiwaka, nilikizungushia chombo magunia yaliyoloweshwa. Nilichora mstari wa rangi nyekundu kwenye kioo. Maji yakishuka chini ya mstari, nilijazia maji ya mvua, si ya bahari, kwa maana maji hukauka yakaacha chumvi yake nyuma, kama mchuzi uliosahauliwa motoni. Wala sikuruhusu debe likaribie pale. Bati likigusa maji yao, wanakufa.

Kitu kimoja sikuweza kukitengeneza: bahari yenyewe. Kila wiki ilibidi nitoe maji ya zamani kiasi cha ndoo na kutia mapya, na bahari ilikuwa mbali, mwisho wa reli.

Hapo ndipo alipoingia rafiki yangu. Alikuwa gadi wa treni ya Mombasa, mtu wa pwani, mcheshi, mwenye sauti iliyotangulia mlangoni kabla ya miguu yake. Alikuwa akinywa chai kwa dada kabla sijarudi. Alinitafutia damajani, ile chupa kubwa ya kioo yenye tumbo, iliyovikwa kamba, na kila Ijumaa aliniletea imejaa. Hata kamba wabichi aliniletea, wamefungwa kwenye jani.

"Shemeji," aliniita hivyo kwa utani, dada akiwa anasikia, "wagonjwa wako wa kioo wameamkaje?"

"Wamekula."

"Wamekula! Sagalla nzima watu wanatembea na mitungi vichwani, na wewe una bahari chumbani. Utawaambia nini siku ya hukumu?"

"Nitasema wewe ndiye uliyeileta."

Dada alicheka mpaka akaweka birika chini. Majirani nao walikuja kuona. Mama mmoja wa Mbololo aliyekuwa akiuza nyanya pale stesheni aliwatazama wakila, akasema hajawahi kuona ua lenye tabia mbaya hivyo, na kila siku akapita kuuliza kama nimeng'atwa.

Nilikaa Voi mwaka huo wote. Mimi, ambaye sikuwahi kumaliza misimu miwili mahali pamoja. Asubuhi nilibeba maji ya dada kutoka bomba la stesheni, nikapasua kuni, nikapata vibarua vya kupakia mizigo, na saa zilizobaki nilikaa mbele ya kioo. Niliona anemoni mmoja akihama jiwe kwa kutambaa polepole kuliko akrabu ya saa. Nilimwona mwingine akitema kipande cha nyama ya mbuzi nilichompa kwa kujaribu, akakisukuma nje kwa dharau. Sikuwa na mtu wa kumwambia mambo hayo ila wale wawili, dada na gadi, nao walisikiliza. Ndivyo nilivyoamini.

Mvua za vuli zilipopita, mambo yalianza kubadilika kidogo kidogo. Kamba hawakuja tena. "Bahari imechafuka," alisema gadi, "wavuvi wamelala." Badala yake alileta samaki wadogo wa maji baridi, na anemoni waliwala bila hamu. Alimletea dada mikungu ya ndizi, mizuri, ile minene ya Taveta. Nikasema Mombasa siku hizi kuna ndizi nzuri. Akasema kila kitu kinafika Mombasa. Damajani lilikuja kila Ijumaa kama kawaida, tena safi kuliko zamani. Zamani chini yake palikaa mchanga kidogo, na vijidudu vilivyorukaruka. Sasa hapakuwa na kitu. Nilifurahi, nikadhani amejifunza kuchota vizuri. Sikuuliza. Nilipokea kwa mikono miwili.

Anemoni wakaanza kunywea. Kwanza vidole vilifupika, kisha vikafunga, mnyama mzima akabaki kama kifundo cha ngozi. Mmoja akaachia jiwe, akaviringika chini, mdomo wazi, na asubuhi moja maji yalikuwa meupe na yananuka. Nikamtoa kwa kijiko cha mti. Nilidhani ni joto, nikaongeza magunia. Nilidhani ni hewa, nikapampu tyubu mpaka ikapasuka, nikaenda kuomba nyingine. Nilidhani ni mkono wangu, nikaacha kuosha kwa sabuni. Na kwa vile gonjwa lilizidi, nilibadilisha maji mengi zaidi. Nilimwomba gadi alete damajani mara mbili kwa wiki. Akamtazama dada, akasema, "Nitajitahidi, shemeji."

Wa pili akafa.

Ndipo nikaamua kutosubiri jioni. Ijumaa hiyo nilikwenda stesheni kuipokea treni ya Mombasa, nichukue maji yakiwa bado na baridi ya behewa. Gadi aliyeshuka na bendera yake ya kijani alikuwa mtu nisiyemjua, mrefu, mwenye pengo la meno. Nikamtaja rafiki yangu.

"Yule?" akasema. "Yule yuko laini ya Taveta siku hizi, bara kabisa. Tangu mvua. Hukujua?"

"Ananiletea maji ya bahari."

Yule mtu alicheka kwa wema, akidhani ninatania. "Kutoka Taveta? Basi ana miujiza."

Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, ile ya jikoni. Sikunyata. Nilikuwa tu nimezoea kupita huko na maji. Dada alikuwa amechuchumaa, damajani liko kati ya magoti yake, na faneli ya karatasi ngumu mdomoni mwa chupa. Pembeni palikuwa na sufuria, na pakiti ya chumvi ya dukani imefunguliwa. Alikuwa anakoroga kwa mwiko, akichovya kidole na kuonja kama anavyoonja mboga.

Maji ya sufuria yale yalitoka kwenye mtungi wa jikoni. Na mtungi wa jikoni niliujaza mimi, asubuhi ile, kutoka bomba la stesheni. Yaani tangu mvua nilikuwa nimeibeba bahari yangu kwa bega langu mwenyewe, nikaileta kwao wakaitia chumvi, na jioni nikaambiwa nishukuru.

Dada aliniona. Hakuficha kitu.

"Nilionja ya zamani, nikaonja na haya," akasema. "Yanafanana."

"Hayafanani. Ya bahari yana uchungu nyuma ya chumvi."

"Mimi sikuusikia uchungu."

"Kwa nini, dada?"

Alifuta mkono kwenye leso. "Alipohamishwa, alitaka kukuambia siku ileile. Nikamkataza. Ningekuambia maji yamekwisha, ungefanya nini? Ungefunga kifurushi. Ungewafuata hao wadudu wako mpaka Mombasa, halafu ungefuata kitu kingine. Mwaka mzima umelala hapa. Mwaka mzima, mdogo wangu. Mama alipokuwa hai hakuwahi kukupata mwaka mzima."

"Wawili wamekufa."

"Nimewaona. Hukuwa unaniona nikiwaangalia?"

Jioni gadi alikuja, na sauti yake ikatangulia kama kawaida. "Shemeji, wagonjwa..." Kisha akaona damajani liko mezani, mbele ya kioo, halijafungwa. Akavua kofia.

"Kaa," nikamwambia. "Kunywa."

"Wacha hivyo, bwana mdogo."

"Ni maji ya bahari. Umeyaleta kutoka mbali. Kunywa."

"Niliambiwa nisikuambie," akasema. Hakunitazama mimi. Alimtazama dada, na kwa jinsi alivyomtazama nikaelewa zile jioni zote walizocheka jikoni, nami niko chumbani nikihesabu mapovu, nikifurahi kwamba nyumba ina kicheko. Sijui kama walinicheka. Dada aliapa hawakunicheka hata siku moja. Lakini kicheko kile nilikuwa nacho kama mali yangu, na sasa sikujua ni cha nani.

Anemoni wa tatu alikuwa bado ameshika jiwe. Nilimwomba yule gadi mwenye pengo, ambaye hakuwa na deni lolote kwangu, na siku chache baadaye alinishushia damajani limejaa, na chini yake palikuwa na mchanga. Nilibadilisha maji kidogo kidogo, bila kumshtua. Jioni vidole vitatu au vinne vilijitokeza. Dada alisimama mlangoni na kitambaa cha mkono.

"Amefungua," akasema.

Nikaendelea kupampu tyubu. Lilikuwa jambo la kwanza la anemoni ambalo sikumsimulia.

Nilipopanda treni na lile bakuli la enameli, dada alinifungia mandazi kwenye karatasi, akaweka kwenye benchi karibu yangu, akarudi nyuma. Hakusema nisiende. Gadi hakuja. Nilimwachia dada chombo cha kioo na tyubu. Nasikia baadaye alihifadhi unga ndani yake, na panya hawakuuweza.

Mombasa nilingoja maji yatoke kabisa, nikatembea juu ya mwamba mpaka nikapata kidimbwi chenye kivuli. Nikauweka mguu wa anemoni kwenye ufa wa jiwe, nikamshikilia kwa kiganja mpaka mgongo wangu ukauma. Alishika. Maji yalipoanza kurudi, akafungua vidole vyote, kwa mara ya kwanza tangu mvua. Nikainuka nimwambie mtu. Wawili tu duniani wangejua maana yake, nao walikuwa walewale.

Dada na gadi walioana, wakahamia karibu na Mata, upande wa Taveta, wakalima. Gadi alipozeeka alipoteza ile sauti. Mimi nilizunguka kote, na kila baada ya miaka kadhaa nilipita kuwasalimu. Dada hunipokea vizuri, hunitandikia, hunipa kiti cha mbele. Hatujawahi kulizungumza tena. Ila akiniletea maji kwenye kikombe, mimi huonja kwanza, kidogo, kwa ncha ya ulimi, mbele yake. Yeye hugeuka akaangalia migomba mpaka nimalize.